Miligramu 500 za Kitu Gani? Kuelewa Lebo za Virutubisho Nyongeza

Chukua chupa mbili za tembe za magnesiamu uziweke mezani sambamba. Zote zimeandikwa miligramu 500 kwa herufi kubwa upande wa mbele, na mnunuzi mwenye haraka atachukua ile ya bei nafuu akiamini kwamba amepata kitu kile kile. Sasa zigeuze. Ya kwanza inaeleza, kwa maandishi madogo, kuwa miligramu hizo ni za oksidi ya magnesiamu. Ya pili inaeleza kuwa ni za sitrati ya magnesiamu. Katika oksidi, takriban asilimia 60 ya uzito ni magnesiamu yenyewe na kinachobaki ni oksijeni. Katika sitrati, magnesiamu ni takriban asilimia 16 tu, kwa kuwa sehemu kubwa ya uzito imechukuliwa na asidi ya sitriki. Kwa hiyo tembe ya kwanza ina magnesiamu kama miligramu 300 na ya pili kama miligramu 80, ingawa sitrati huyeyuka na kufyonzwa na utumbo kwa urahisi zaidi, hivyo tofauti inayofika kwenye damu ni ndogo kuliko hesabu hiyo inavyoonyesha.

Hakuna chupa iliyosema uongo hapo. Nimeanza na mfano huu kwa makusudi, kwa sababu watu wengi wanapouliza kama lebo ya kirutubisho ni ya kweli, huwa wanafikiria udanganyifu moja kwa moja, wakati hatua ya kwanza ni kujua lebo hiyo imedai nini hasa. Mambo ni hayo hayo kwenye madini ya chuma: tembe ya salfeti ya chuma yenye miligramu 325, inayotumika sana kutibu upungufu wa damu, hutoa miligramu 65 za chuma, na kiasi hicho cha pili ndicho daktari anachokihesabu. Lebo iliyoandikwa kwa uangalifu hutaja madini yenyewe kwanza, kisha chanzo chake, kwa mfano “Magnesiamu (kutoka sitrati ya magnesiamu) miligramu 80”. Isiyotaja chanzo kabisa imemnyima msomaji taarifa anayoihitaji kuliko zote.

Baada ya kuelewa dai, ndipo yanapofuata maswali ambayo kwa kawaida huchanganywa na kufanywa swali moja. Je, kilichomo ndani ndicho kilichotajwa? Je, kimo kwa kiasi kilichotajwa? Je, kimeingiliwa na kitu ambacho hakikutajwa? Na je, kidonge kinapomezwa kitaachia kilichobeba, au kitapita tumboni na kutoka kama kilivyoingia? Bidhaa inaweza kufaulu katika matatu kati ya haya na ikamdhuru mtu kwa sababu ya la nne. Swali la tano, kwamba kirutubisho chenyewe kinasaidia au hakisaidii, ni mjadala mwingine kabisa, na kosa kubwa la wanunuzi ni kudhani kwamba bidhaa iliyothibitishwa kuwa safi imethibitishwa pia kuwa na manufaa.

Maswali haya yanamwangukia mnunuzi kwa sababu ya namna sheria zilivyojengwa. Katika nchi nyingi virutubisho nyongeza huhesabiwa kuwa aina ya chakula, wala si dawa. Dawa haiuzwi mpaka mtengenezaji aonyeshe kwa ushahidi kwamba inafanya kazi na kwamba madhara yake yanakubalika. Kirutubisho huingia sokoni kwa dhamana ya mtengenezaji mwenyewe. Nchini Marekani utaratibu huu uliwekwa na sheria ya mwaka 1994, ambayo haiilazimu kampuni kuomba idhini ya Mamlaka ya Chakula na Dawa, FDA, kabla ya kuuza. Kanuni za uzalishaji bora zilizotolewa mwaka 2007 zilimtaka mtengenezaji apime utambulisho wa malighafi na aweke kumbukumbu za kila bechi, yaani kundi la bidhaa zilizotengenezwa pamoja, lakini ukaguzi wa serikali kwa kawaida huja baada ya bidhaa kuwa tayari mikononi mwa watu. Ndiyo maana maneno “imeidhinishwa na FDA” kwenye chupa ya kirutubisho ni ishara mbaya: mamlaka hiyo haiidhinishi virutubisho, hivyo aliyeyaandika ama haijui sheria inayomhusu, ama anategemea kwamba wewe huijui.

Turudi kwenye kusoma. Kabla ya kuangalia namba yoyote, tafuta dozi ambayo jedwali la virutubisho kwenye lebo limeitumia. Namba kubwa inaweza kuwa ya tembe tatu au ya vijiko viwili vya unga, na chupa ya tembe 60 ikawa ya siku 20 badala ya miezi miwili. Mafuta ya samaki yana mtego wake. Kapsuli huandikwa miligramu 1,000, lakini huo ni uzito wa mafuta yote. Asidi za omega-3 zinazotafutwa, yaani EPA na DHA, katika kapsuli ya kawaida mara nyingi ni miligramu 180 na 120, jumla 300, na zilizobaki ni mafuta mengine tu. Anayetakiwa kupata gramu moja ya EPA na DHA kwa siku atameza kapsuli moja akidhani amemaliza, kumbe amepata chini ya theluthi.

Kisha kuna kile ambacho watengenezaji hukiita mchanganyiko maalumu wa kampuni. Lebo hutaja uzito wa jumla, tuseme miligramu 800, halafu huorodhesha viambato kumi bila kueleza kila kimoja ni kiasi gani. Kanuni za Marekani hutaka viorodheshwe kuanzia kilicho kizito zaidi, na huo ndio mwanga pekee anaoupata msomaji: kama cha kwanza ni unga wa bei rahisi na kile kinachotangazwa mbele ya chupa ni cha tisa, inawezekana kabisa kwamba kimewekwa kidogo tu ili jina lake lipate kuandikwa. Sababu inayotolewa ni kulinda siri ya biashara. Mimi siikubali, kwa kuwa mtu anayeingiza kitu mwilini mwake kila siku ana haki ya kujua kiasi chake, na siri ya kampuni haiwezi kuwa nzito kuliko haki hiyo.

Bidhaa za mimea zina lugha yake. Neno dondoo maana yake ni kile kinachobaki baada ya mmea kulowekwa katika maji au spiriti, kuchujwa, na kimiminika hicho kukaushwa. Lebo ikisema dondoo la 10:1, inadai kwamba kilo kumi za mmea zimetoa kilo moja ya dondoo, na ndipo wengine huandika “sawa na miligramu 5,000” ilhali ndani kuna miligramu 500. Uwiano huo hausemi kama kemikali inayotakiwa imebaki au imemwagwa pamoja na maji. Kauli yenye maana zaidi ni ile inayotaja kemikali na asilimia yake, kama vile dondoo la bizari ya manjano lenye kurkuminoidi, kemikali zake kuu, asilimia 95, kwa sababu maabara inaweza kuipima ikaithibitisha au kuikanusha. Jina la kisayansi la mmea na sehemu iliyotumika, mzizi au jani au tunda, navyo vinapaswa kuwepo, maana mizizi na majani ya mmea mmoja yanaweza kuwa na kemikali tofauti kabisa.

Tuje sasa kwenye kiasi. Hapa ushahidi uliopo unatosha kumwondolea mtu usingizi, na melatonini, inayouzwa kwa ajili ya usingizi, ndiyo mfano ulio wazi kuliko yote. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliopima bidhaa 31 za melatonini. Kiasi kilichopatikana kilianzia pungufu kwa asilimia 83 ya kilichoandikwa na kufika ziada ya asilimia 478, na katika takriban robo ya bidhaa hizo ilikutwa pia serotonini, kemikali inayobeba ujumbe kwenye neva, ambayo haikutajwa popote. Mwaka 2023 watafiti wengine walipima melatonini za peremende laini aina 25 nchini Marekani na kukuta kwamba 22 hazikuwa na lebo sahihi. Kiasi kilikuwa kati ya asilimia 74 na 347 ya kilichodaiwa, na moja haikuwa na melatonini hata kidogo. Mzazi anayempa mtoto peremende moja akidhani ni miligramu 1 anaweza kuwa amempa zaidi ya tatu. Vitamini D, iliyopimwa katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013, ilikutwa kati ya asilimia 9 na 146 ya kiasi kilichoandikwa.

Si kila ziada ni uzembe. Vitamini huoza taratibu kwa joto, unyevu na mwanga, na kanuni za Marekani hutaka kirutubisho kilichoongezwa na mtengenezaji kisipungue asilimia 100 ya kilichoandikwa katika muda wote bidhaa inapotumika. Ili tembe itakayofunguliwa miaka miwili baadaye iwe bado na kiasi kilichoahidiwa, mtengenezaji huweka zaidi siku ya kwanza. Hiyo ni busara, na kwa vitamini C haina neno. Kwa vitamini A au seleniamu, ambazo zikizidi huwa sumu, ziada inapaswa kuwa ndogo na iliyopigiwa hesabu. Peremende laini ndizo ngumu kuliko zote kudhibiti, kwa sababu zina maji na sukari na hutengenezwa kwa moto, kwa hiyo mtengenezaji asiyejua kasi ya uozo hujaza kwa kukisia. Kwenye bakteria wenye manufaa soma sentensi moja tu: idadi iliyotajwa ni ya siku ya kutengenezwa au ya siku ya mwisho wa matumizi? Ya kwanza haikuhakikishii chochote kuhusu siku utakayomeza.

Lakini kiasi kimepimwaje? Hili ndilo linalonigusa zaidi, kwa kuwa hata neno “imepimwa maabara” linaweza kuficha mengi. Angalia unga wa protini. Njia ya zamani ya kuupima ilibuniwa mwaka 1883 na mkemia wa Denmark, Johan Kjeldahl, na haipimi protini yenyewe. Hupima naitrojeni, kisha huzidisha kwa 6.25, kwa sababu protini ina naitrojeni takriban asilimia 16. Hesabu hiyo inasimama endapo naitrojeni yote imetoka kwenye protini. Anayetaka kudanganya huongeza kitu cha bei nafuu chenye naitrojeni nyingi, na mashine humsomea protini ambayo haipo. Mwaka 2008 nchini China maziwa ya watoto yalitiwa melamini, kemikali ambayo takriban theluthi mbili ya uzito wake ni naitrojeni. Watoto wapatao 300,000 waliathirika na sita walifariki, na mawe kwenye figo ndiyo yaliyowatambulisha wagonjwa. Maziwa yale yalikuwa yamefaulu kipimo cha protini, na kufaulu huko ndiko kulikokuwa lengo la mchezo mzima.

Kwenye unga wa protini wa wanamichezo hila hiyo huja kwa sura ya upole zaidi: huongezwa glisini au taurini, kemikali za bei rahisi zenye naitrojeni na zisizo na sumu, na gramu zake huhesabiwa kama protini. Dawa yake ni kuangalia jedwali la asidi amino, yaani vijenzi vya protini. Protini ya maji ya maziwa ina uwiano wake wa asili wa kila asidi amino. Glisini ikiwa imepanda kuliko kawaida na leusini imeshuka, uwiano huo umevurugwa na mtu.

Kipimo kizuri kinaweza pia kukosea kwa kutumiwa mahali pasipo pake. Mwaka 2015 mwanasheria mkuu wa jimbo la New York aliyataka maduka makubwa manne yaondoe baadhi ya virutubisho vya mimea, baada ya vipimo vya DNA kushindwa kuuona mmea uliotajwa katika bidhaa nyingi. Habari ilienea kwa kasi. Wataalamu wa mimea, hata wale waliokuwa wakali dhidi ya watengenezaji, walionya kwamba katika kutengeneza dondoo DNA huharibika au huchujwa, hivyo kutoonekana kwake hakuthibitishi kwamba mmea haukuwepo. Kwa majani makavu yaliyosagwa, DNA ni shahidi mwaminifu. Kwa dondoo inahitajika kromatografia, njia inayotenganisha kemikali moja moja na kuonyesha picha yake nzima. Ginko, mti ambao dondoo la majani yake huuzwa kama kirutubisho, inaonyesha kwa nini picha nzima inahitajika: kama maabara inapima jumla ya flavonoli, kundi la kemikali za mimea, peke yake, muuzaji huongeza rutini, mojawapo ya kemikali hizo iliyo ya bei rahisi, nayo jumla hutimia.

Usafi nao una sura mbili, ya bahati mbaya na ya makusudi. Mimea hufyonza risasi na kadmiamu, metali zenye sumu, kutoka udongoni, na ulaji wa kila siku kwa miaka hugeuza kiasi kidogo kuwa kikubwa. Manjano imewahi kutiwa kromati ya risasi ili rangi yake ing'ae, na hapo rangi inayomvutia mnunuzi ndiyo yenye sumu. Bahati mbaya iliyo kubwa zaidi ilitokea mwaka 1989, pale watu zaidi ya 1,500 nchini Marekani walipopata maumivu makali ya misuli na ongezeko la aina moja ya seli nyeupe za damu, na zaidi ya 30 wakafariki, baada ya kutumia triptofani, asidi amino ya kawaida. Uchunguzi ulielekeza kwenye bidhaa ya mtengenezaji mmoja iliyokuwa na masalio madogo mno ya kemikali nyingine. Triptofani ilikuwemo kama lebo ilivyosema.

Upande wa makusudi kuna pia kuchanganya dawa. Kati ya mwaka 2007 na 2016, maonyo ya FDA yalitaja virutubisho 776 vilivyokuwa na dawa zisizotajwa, na karibu vyote viliuzwa kwa ajili ya nguvu za kiume, kupunguza uzito au kujenga misuli. Kwenye vya nguvu za kiume mara nyingi ilikuwa sildenafili, dawa ya hospitali ya nguvu za kiume, au binamu yake, ambayo ikikutana na dawa za naitreti za wagonjwa wa moyo hushusha shinikizo la damu hadi hatari ya kifo. Kwenye vya kupunguza uzito ilikuwa sibutramini, iliyoondolewa sokoni Marekani na Ulaya mwaka 2010 kwa kuongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Hakuna usomaji wa lebo utakaokufichulia jambo hili, kwa kuwa aliyeiandika ndiye anayelificha. Kinachoweza kukushtua ni bidhaa yenyewe: “mitishamba” inayofanya kazi ndani ya saa moja kama kidonge cha hospitali huenda kweli ni kidonge cha hospitali.

Kuhusu kuyeyuka sitasema mengi, ila kuna jaribio moja unaloweza kulifanya jikoni. Weka tembe ya kabonati ya kalsiamu katika glasi ya siki nyeupe na uikoroge kila baada ya dakika chache. Utaona mapovu yakitoka pembeni mwake, kisha kingo zikilegea, na katika nusu saa inapaswa kuwa imevunjika na kuwa unga chini ya glasi. Iliyobaki kipande kigumu kama jiwe ina mashaka. Jaribio hili halifai kwa tembe zilizopakwa utando wa kuzuia asidi ya tumbo, maana hizo zimetengenezwa zisiyeyuke hapo.

Kwa mengine yote mnunuzi hutegemea macho ya mtu mwingine, na hapo alama za uthibitisho ndizo zenye uzito, mradi usome zinathibitisha nini. Alama ya USP, taasisi ya viwango vya dawa iliyoanzishwa mwaka 1820, inahusu bidhaa yenyewe: utambulisho, kiasi, uchafu na kuyeyuka. NSF Certified for Sport na Informed Sport zinalenga zaidi dawa zilizopigwa marufuku michezoni, na hizo ndizo za kuangaliwa na mwanamichezo anayepimwa. Maneno kama “kiwanda chenye uzalishaji bora” yanahusu jengo na taratibu zake, wala hayasemi lolote kuhusu chupa uliyoishika. “Imepimwa na maabara huru” bila jina la maabara ni sauti tupu. Alama ikiwepo, ingia kwenye tovuti ya taasisi iliyoitoa ulitafute jina la bidhaa, kwa sababu kuchapisha alama bandia ni rahisi kama kuchapisha lebo.

Kampuni ikikubali kutuma cheti cha uchambuzi, yaani karatasi ya matokeo ya maabara, soma kwanza nambari ya bechi na uilinganishe na ile iliyopigwa chini ya chupa yako. Cheti cha bechi nyingine kinahusu bidhaa nyingine. Tazama kama matokeo ni namba au ni neno “imefaulu” tu, kama njia ya upimaji imetajwa, na kama kiasi cha risasi kimeandikwa kwa mikrogramu kwa kila dozi au kimefichwa katika kipimo kisichokuwezesha kulinganisha. Kampuni isiyotaka kukionyesha cheti imekwisha kukujibu.

Hata pale kila kitu kilipo sawa, jambo moja hubaki la kuangaliwa. Bayotini huuzwa kwa ajili ya nywele na kucha kwa mikrogramu 5,000 au 10,000, wakati kiasi kinachokadiriwa kumtosha mtu mzima ni 30 kwa siku. Lebo inaweza kuwa sahihi mpaka mikrogramu ya mwisho, lakini bayotini nyingi katika damu huvuruga baadhi ya mashine za maabara za hospitali, ikiwemo kipimo cha troponini kinachotumika kugundua mshtuko wa moyo, na mwaka 2017 FDA ilitoa onyo lililotaja mgonjwa aliyefariki baada ya kipimo hicho kusoma chini kuliko ukweli. Unapokwenda kupimwa, basi, beba chupa yenyewe ikiwa na lebo yake nzima, umwonyeshe daktari au muuguzi kabla damu haijatolewa, badala ya kumtajia jina la bidhaa kwa kukumbuka.